Mchoraji aje alione ziwa kabla ya kulichora

Kwa Mhariri,

Nimefundisha Kiswahili katika madarasa ya chini kwa miaka 31, mingi kati yake hapa Kisumu. Baada ya kustaafu niliandika kitabu kimoja cha hadithi ya watoto. Kina kurasa 24 tu. Leo nataka kuzungumzia ukurasa mmoja, wa 9.

Nianze na hadithi ilikotoka. Baba yangu alikuwa mvuvi wa omena, dagaa wadogo wa ziwani. Omena huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, omena wakavutwa na mwanga na kukusanyika, ndipo wavu unapozungushwa. Mbalamwezi ikitanda taa haifui dafu, kwa kuwa ziwa lote linang'aa na samaki wametawanyika. Siku hizo mitumbwi hubaki ufuoni. Enzi za baba taa ilikuwa karabai, leo ni ya sola, lakini mwezi ni ule ule.

Kwetu watoto jambo hili lilikuwa na maana moja: mwezi ukiwa mpevu, baba yuko nyumbani. Atakula nasi, ataketi nje kwenye kigoda chake akishona wavu kwa mwanga wa mbalamwezi, na kila tundu analoziba litakuja na kisa chake. Mwezi ulipoanza kumegeka nilihesabu siku kwa vidole. Nakumbuka nilimwomba mama awaambie wazee wa kanisa wauombee mwezi usipungue. Mama hakucheka. Alinivuta karibu, akaendelea kuchambua omena.

Hadithi yangu ikazaliwa hapo. Atieno, mtoto aliyezaliwa usiku kama jina lake linavyosema, anaona mwezi ndani ya mtungi wa maji, anaufunika kwa kawa ili usiondoke na baba asirudi ziwani. Niliiandika kwa miezi minne. Sentensi ya kufunika mtungi peke yake niliiandika upya mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mchapishaji aliipenda. Akampa mchoraji kazi, nami sikukutanishwa naye wala sikuonyeshwa picha hata moja hadi vitabu vilipofika kwenye katoni. Nilifungua kwa furaha. Nilipofika ukurasa wa 9 mikono ilinilegea. Wavuvi wako ziwani, taa zimewashwa, baba yake Atieno anavuta wavu, na juu yao mwezi mpevu, mviringo kama sinia. Chombo chenyewe ni ngalawa yenye matengo, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, pande zote mbili, ile ya pwani. Mtumbwi wetu ni wa mbao zilizounganishwa, omo, yaani sehemu ya mbele, imechongoka, na hauna matengo. Ufuoni kasimama mnazi.

Picha ni nzuri, Mhariri. Mchoraji ana mkono hodari, na sitaki asomaye barua hii amdharau. Alichora maji aliyoyajua.

Nilikipeleka kitabu hicho kwa watoto wa Gredi ya 3 katika shule moja karibu na Dunga, hapa Kisumu. Kabla sijamaliza kusoma ukurasa wa 9, kijana mmoja wa nyuma alikuja mbele, akaweka kidole juu ya ule mwezi. "Mwalimu, hawa hawatapata kitu." Mwingine akauliza mbona mashua ina miguu. Hayo niliyatarajia. Kisha msichana mdogo aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Kwani baba yake hampendi Atieno? Mwezi umetoka na yeye ameenda."

Sikuwa na jibu. Mtoto wa miaka minane, tena ambaye bado anasoma kwa kufuata herufi kwa kidole, huanza na picha. Picha ilikuwa imemwambia kwamba baba amemwacha mwanawe usiku ule ule aliopaswa kuwa nyumbani. Maneno yangu yalikuja baadaye, yamechelewa.

Watu huniuliza wazo la hadithi nililitoa wapi, na mimi hujibu kwa furaha. Lakini sijasikia mtu akiuliza mchoraji alilitoa wapi ziwa lake. Hadithi ikitoka Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ikapita mezani kwa mhariri Nairobi, ikafika kwa mchoraji ambaye hajaona omena wakianikwa juu ya wavu, kila mmoja hupunguza kidogo bila kujua. Marehemu Asenath Bole Odaga, aliyewaandikia watoto wetu tangu miaka ya 1960, alianzisha kampuni ya uchapishaji ya Lake Publishers papa hapa Kisumu mwaka 1982. Mimi naielewa hatua ile kuliko nilivyoielewa nikiwa kijana.

Najua uchapishaji ni ghali. Tangu 2013 vitabu hutozwa VAT ya asilimia 16, na mzazi hununua kwanza vile vya kiada kabla ya kufikiria cha hadithi. Lakini mchoro wa penseli ukitumwa kwa WhatsApp kabla ya kutiwa rangi hugharimu nini? Ningeuona mwezi ule papo hapo. Watoto wa Dunga wangeuona kabla yangu. Naomba wachapishaji wa vitabu vya watoto wawakutanishe mwandishi na mchoraji mapema, na wawaonyeshe picha watoto wa mahali hadithi inapotokea kabla mtambo haujawashwa.

Niliambiwa ukurasa wa 9 utarekebishwa iwapo kitabu kitachapishwa tena. Kwa sasa, katika nakala 20 nilizopewa nimeupaka mwezi wino mweusi, nakala moja baada ya nyingine. Ukiuelekeza ukurasa kwenye jua, bado unaonekana.

Mchoraji akiisoma barua hii, namkaribisha Dunga. Asije kati ya Aprili na Julai, msimu wa omena unapofungwa. Aje usiku wa giza aone taa zilivyotapakaa ziwani, kisha arudi tena mwezi ukiwa mpevu, ahesabu mitumbwi iliyovutwa ufuoni.

Mwalimu mstaafu,
Dunga, Kisumu