Likizo yangu inaisha siku ambayo mtoto alitarajiwa kuzaliwa

Mpendwa Mshauri,

Nimeajiriwa katika kampuni binafsi mjini Morogoro kwa mkataba wa miaka 2, na huu ni mwezi wa 15 kazini. Ujauzito wangu ulipofika wiki ya 28, kliniki walinikuta presha imepanda sana na mkojo una protini, nikalazwa siku hiyohiyo. Baada ya siku 14 wodini, madaktari waliona kuwa kuendelea kusubiri kungeweza kuniletea kifafa cha mimba, wakanifanyia upasuaji, na binti yangu akazaliwa akiwa na kilo 1.3. Alikaa wodi ya watoto njiti siku 38, nami nikishinda nimemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumkamulia maziwa usiku na mchana. (Baba yake siku zake za likizo zilikwisha mtoto akiwa bado kwenye mashine ya joto.) Leo ana siku 50 na tuko nyumbani.

Wiki iliyopita nilipokea barua ya meneja rasilimali watu ikinitaka nirejee kazini baada ya siku 84 zinazohesabiwa tangu siku niliyolazwa. Hoja yake ni kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu likizo ya uzazi ianze wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuwa afya ya mama au ya mtoto aliye tumboni inahitaji hivyo. Kwa hiyo, anasema, cheti changu cha kulazwa ndicho kilichoianzisha. Kwa hesabu hiyo siku 14 zilikwisha kabla sijajifungua, zikabaki 70, yaani wiki 10 kamili, na likizo yangu itaisha siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki kuwa ndiyo ya matarajio.

Mimi sikuomba likizo ya uzazi nilipolazwa. Barua yangu ya taarifa, niliyoikabidhi wiki ya 26 kwa kuwa sheria inataka itolewe miezi 3 kabla, iliomba likizo ianze wiki ya 36. Sheria hiyohiyo inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, zile 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na kabla ya hapo nilikuwa nimetumia 4 tu. Je, mwajiri ana mamlaka ya kuamua peke yake kwamba ugonjwa wangu ulikuwa uzazi?

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za kazi ili likizo ya mama aliyejifungua mtoto njiti ijumuishe pia muda uliobaki kufikia wiki 40 za ujauzito. Kama nimeelewa sawasawa, nastahili siku 70 za kufikia wiki 40, kisha 84 zangu, jumla 154 tangu kujifungua. Meneja ameniambia kwa simu kwamba marekebisho hayo ni ya watumishi wa serikali, ingawa sheria iliyorekebishwa ndiyo hiihii anayoinukuu kwenye barua yake.

Kazini kwetu hakuna tawi la chama cha wafanyakazi. Mwenzangu mmoja ananishauri nirudi kimya kimya, maana mkataba umebakiza miezi 9 na hakuna anayelazimika kuuhuisha. Nafahamu kwamba malalamiko ya aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na kwa kalenda ya mwajiri nimebakiwa na siku 20 nyumbani.

Naomba kujua kama hesabu yangu ni sahihi, na kama nianze kwa Afisa Kazi wa mkoa au nimjibu kwanza mwajiri kwa maandishi, nikiambatanisha cheti cha daktari kinachoonyesha mtoto alizaliwa wiki ya ngapi. Na iwapo siku hizo 20 zitakwisha kabla sijapata jibu, je, niripoti kazini huku nikidai, au kuripoti kutahesabiwa kuwa nimekubali?

Mama wa njiti,
Morogoro