BBE haikushindwa, mwanangu

Mwanangu,

Hapa nyumbani hatujambo. Barua yako nimeipata: unasema umepaka BBE, ile dawa ya maji ya benzyl benzoate, na krimu ya betamethasoni, lakini bado unawashwa. Mwasho unaozidi usiku, vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, tena wenzako wanne wanajikuna vilevile: huo ni upele unaoletwa na vidudu vidogo vya ngozini (skabi). Matroni akupeleke zahanati wauhakikishe. Ile krimu ya betamethasoni, ambayo ni ya steroidi, acha leo leo. Inatuliza mwasho huku vidudu vikiendelea kuzaana, na mganga akikutazama haoni dalili zilivyo.

BBE yako ni dawa nzuri, ila uliipaka panapowasha tu. Kidudu jike huchimba kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai mawili matatu kwa siku, na anaweza kuwa mahali ambapo hapajaanza kuwasha. Tumia ya asilimia 25 bila kuizimua. Inayozimuliwa ni ya watoto. Kata kucha, oga, jikaushe, ngozi ipoe. Paka kuanzia shingoni hadi nyayo: chini ya kucha, makwapani, chini ya matiti, kitovuni, katikati ya makalio, sehemu za siri kwa nje. Penye mikwaruzo patachoma. Kesho yake jioni paka tena bila kuoga, uoge baada ya saa 24. Kila ukinawa mikono, ipake upya. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, maana vidudu hupenda sana vidole.

Krimu ya permethrini ya asilimia 5, mkiipata, mimi ningeichagua kwanza. Haichomi sana. Tyubu ya gramu 30 kwa kawaida humtosha mtu mmoja. Inakaa mwilini kwa muda wa saa 8 hadi 12, kisha unarudia baada ya siku 7.

Vidonge vya ivermektini hutolewa kwa uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo. Kwa kilo zako 45 ni miligramu 9, yaani vidonge vitatu vya miligramu 3, kwa mara moja, baada ya kula. Haviui mayai, kwa hiyo dozi ya pili ni baada ya siku 7 hadi 14. Mjamzito hapewi, wala mtoto wa chini ya kilo 15. Usivinunue bila kupimwa.

Bweni zima litibiwe usiku mmoja, hata wasiojikuna. Anayeupata mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza. Shuka na nguo za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto. Blanketi lisilofulika lifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku 3 au zaidi. Bila mtu, kidudu hakiishi sana.

Baada ya hapo utawashwa bado, pengine wiki 2 hadi 4, kwa sababu ngozi inapambana na mabaki ya vidudu vilivyokufa. Usipake BBE kila siku. Yenyewe hukausha ngozi ikawasha. Vikitokea vipele vipya baada ya wiki 4, rudi zahanati. Vikitoa usaha, nenda mapema zaidi, na ukivimba uso au mkojo ukiwa mweusi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana bakteria wa vidonda hivyo wanaweza kudhuru figo.

Hela ya dawa nimemtumia matroni.

Mama yako