Mama, kuhusu hiyo proposo yako ya utafiti wa mapenzi ya kazi

Mama shikamoo yako nimeipata, marahaba. Proposo nimeisoma hapa stendi Moshi nasubiri daladala ya Marangu ijae, nikaimaliza gari bado nusu.

Huyo Vallerand wa Kanada na wenzie, mwaka 2003, waliposema kuna mapenzi ya kazi unayoyashika wewe na kuna yanayokushika yenyewe, hapo wamenimaliza. Tulikuwa na mwongoza watalii mmoja wa mlima Kilimanjaro, leo anashuka Mweka kesho yuko geti la Machame anapanda tena, hela anayo ila kukaa nyumbani hawezi, mwanae alikuwa anamwita mjomba. Sikutanii.

Ila mbona hamtuulizi sisi tulioingia kazini kwa njaa? Mi nilipanda mlima sababu kahawa ya babu yako iliporomoka bei, mapenzi yalitoka wapi. Mwaka wa nne hivi, niko kambi ya Barafu saa tano usiku, upepo unataka kuondoka na hema, na kule juu maji yanachemka upesi bila kuwa ya moto sana, maharage hayaivi hata ukeshe nayo, nikawapikia wagumu, wale wabeba mizigo, uji, mmoja akarudisha kikombe akasema mpishi ongeza. Safari iliyofuata nikajikuta nimebeba tangawizi ya kwangu na hakuna aliyenituma. Sa hilo ndo lipimwe, mapenzi yanayokuja nyuma ya kazi, na hulipimi kwa dodoso la siku moja, inabidi uwafuate watu walewale miaka, hata kama msimamizi wako anataka umalize haraka.

Na lile la Kim na wenzie, 2020 kule Marekani, kwamba watu wanaona si vibaya sana kumbebesha kazi za ziada bila malipo mtu anayeonekana anaipenda kazi, usiliache mwishoni kama ulivyoliacha! Mi siku ya kugawa tipu bosi mmoja aliniambia wewe si unaenjoi bwana, nikacheka kama fala, hela ya ada yako nikaenda kukopa.

Ukija kuwahoji wagumu usiende getini asubuhi, pale wanatafuta kazi, kila mtu atakwambia anaupenda mlima. Wasubiri Mweka wakishashuka, wamevua viatu na wameshalipwa. Ntakupeleka mwenyewe, mi sitakaa karibu maana wananijua.

Baba yako