Kershaw na Oktoba: hesabu zisomwe zote

Ndugu Mhariri,

Makala iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa michezo kuhusu Clayton Kershaw imezua ubishi usiokwisha kwenye vijiwe vya kahawa hapa Gongoni, na si kawaida besiboli kuiweka pembeni habari ya Simba na Yanga. Hilo ni jambo jema. Lisilo jema ni kwamba wasomaji wameachiwa picha isiyo sahihi: kwamba klabu yake, Los Angeles Dodgers, walitupa dola milioni 93 mwaka 2018 kwa kumwongezea mkataba mrushaji (yule anayemtupia mpigaji mpira) ambaye kila ikifika Oktoba, mwezi wa mechi za mtoano, anapwaya. Mkataba umesomwa juu juu, na mechi za Oktoba zimehesabiwa bila kuuliza nani alimwacha Kershaw kilimani, pale anaposimama mrushaji, na kwa muda gani.

Tuanze na pesa, maana ndizo zinazowauma watu. Januari 2014 Kershaw alisaini miaka saba kwa dola milioni 215, kiasi ambacho hakuna mrushaji aliyewahi kukipata kabla yake. Ndani ya mkataba huo kulikuwa na kipengele cha kujitoa. Msimu wa 2018 ukiisha, angeweza kuiacha miaka miwili iliyobaki, yenye dola milioni 32 kwa 2019 na milioni 33 kwa 2020, akaingia sokoni kama mchezaji huru. Badala yake pande mbili zilikaa mezani, zikaifuta ile miaka miwili na kuandika mitatu mipya ya dola milioni 93. Toa 65 zilizokuwa zake tayari, zinabaki 28. Dodgers waliongeza mwaka mmoja, wa 2021, na dola milioni 28, pamoja na marupurupu yanayotegemea idadi ya mechi anazoanza. Wastani wa mwaka ulitoka milioni 30.7 ukawa 31. Hiyo ndiyo nyongeza yote iliyopigiwa kelele.

Na zile 65 zilikuwa mikononi mwake. Klabu isingeweza kuzizuia. Mikataba ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani imelindwa, mchezaji akiumia au akishuka kiwango analipwa chake chote. Sisi tuliozoea soka, ambako mkataba huvunjwa kwa makubaliano dirisha likifunguliwa, tunalisahau hili haraka. Hofu ya klabu ilikuwa na msingi, sikatai: mgongo ulimsumbua 2016, 2017 na 2018, na mpira wake wa kasi ulishuka kutoka takribani kilomita 150 kwa saa hadi 146. Ndiyo maana ukaongezwa mwaka mmoja, si mitano.

Sasa Oktoba. Kipimo kinachotajwa na kila mtu ni wastani wa mikimbio halali kwa inningi tisa, ule unaoandikwa ERA kwenye majedwali. Mkimbio ni pointi, inayopatikana mchezaji akizipita besi zote tatu, vile vituo vya uwanjani, na kurudi alipoanzia; inningi ni zamu moja ya mchezo, na mechi ya kawaida ina tisa. Unachukua mikimbio aliyohesabiwa mrushaji, bila ile iliyotokana na makosa ya wenzake uwanjani, unazidisha kwa 9, unagawanya kwa inningi alizorusha. Wengi hukosea kwenye kugawanya. Jedwali likiandika 6.2, maana yake ni inningi 6 na theluthi mbili, kwa kuwa kila inningi ina wapigaji watatu wa kutolewa. Mikimbio 8 kwa inningi 6.2 inatoa 10.80. Ukigawanya kwa 6.2 ya kawaida unapata 11.61, na umemwonea mtu.

Kwenye msimu wa kawaida, Kershaw amemaliza maisha yake ya mchezo akiwa na 2.53 kwa zaidi ya inningi 2,800. Kwenye mtoano, hadi mwisho wa 2024, alikuwa na 4.49 kwa inningi 194 na theluthi moja. Pengo hilo ni kubwa na sina nia ya kulificha. Lakini tazama hizo inningi 194: ni kama msimu mmoja tu, uliotapakaa kuanzia 2008 hadi 2023. Mfugaji nyuki wa Sikonge hapimwi kwa mzinga mmoja uliohamwa. Mwaka 2014, Kershaw alipochukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, na ya mchezaji bora wa ligi yake kwa pamoja, alirusha inningi 198 na theluthi na kuruhusu mikimbio halali 39, yaani 1.77. Mwongezee hapo mechi moja tu mbaya ya mikimbio 8 kwa inningi 6.2: wastani wa msimu mzima unaruka hadi 2.06. Kwenye mtoano, ambako mwaka mwingine unarusha mechi mbili ukarudi nyumbani, hakuna mahali pa kuuficha mzigo kama huo.

Mechi hiyo ya mikimbio 8 ipo kweli, na inafaa kuangaliwa polepole kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu kilichomsumbua. Ni tarehe 3 Oktoba 2014, Dodgers nyumbani dhidi ya St. Louis Cardinals. Kershaw aliruhusu homurani, mpira uliopigwa hadi nje ya uzio, kwenye inningi ya kwanza, kisha akawatoa wapigaji 16 mfululizo. Mpigaji wa 19 alikuwa Matt Carpenter, na ndiye wa kwanza siku hiyo kumkabili Kershaw kwa mara ya tatu. Akaupiga mpira nje ya uzio. Dodgers bado wanaongoza 6-2. Inningi ya saba ikaanza kwa hiti nne fupi mfululizo, yaani mapigo yanayomfikisha mpigaji besi ya kwanza tu, hakuna hata moja ya kutisha. Akamtoa mmoja, ikaja hiti ya tano, akamtoa mwingine. Mikimbio miwili ikawa imeingia na besi zote tatu zina watu. Akarudi Carpenter, mara ya nne sasa, akapiga hiti ya besi mbili, wote watatu wakaingia: 7-6 kwa Cardinals. Hapo ndipo kocha Don Mattingly alipomwondoa, baada ya mirusho 110.

Mrushaji wa akiba aliyeingia aliruhusu homurani ya mikimbio mitatu. Mmoja kati ya hiyo mitatu ulikuwa wa Carpenter, aliyeachwa kwenye besi na Kershaw, hivyo kwa mujibu wa sheria ukaandikwa kwa Kershaw ingawa tayari alikuwa amekaa benchi. Ndio mkimbio wa nane. Mechi iliisha 10-9.

Kwa nini mara ya tatu na ya nne? Kutoka kilimani hadi kwa mpigaji ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unamfikia kwa chini ya nusu sekunde, kwa hiyo lazima aamue kupiga au kuacha wakati mpira bado uko njiani. Hana muda wa kuchunguza. Anategemea kumbukumbu: mpira unaonekanaje ukitoka mkononi, unaanza kushuka wapi. Mara ya kwanza kumbukumbu hiyo hana. Mara ya tatu ameshaona mirusho minane, kumi, pengine kumi na mitano. Mrushaji mwenye aina tano au sita za mirusho anaweza kubakiza moja kwa ajili ya mara hiyo ya tatu. Kershaw kwa miaka mingi aliishi kwa tatu: mpira wa kasi, slaida (unaokwepa pembeni mwishoni), na ule wa kupinda unaoporomoka kutoka juu kwa takribani kilomita 118. Ni tatu bora kupindukia, lakini ni tatu.

Ongeza uchovu. Mrushaji akichoka, kasi si lazima ishuke sana. Kinachoharibika kwanza ni mahali mkono unapouachilia mpira. Mkono ukishuka kidogo, slaida haivunjiki kuelekea magotini bali inabaki imening'inia usawa wa kiuno, na mpira wa kupinda unaachiwa mapema ukaja na duara kubwa ambalo mpigaji analiona tangu mwanzo. Anayetazama runinga aangalie glavu ya mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji: akiiweka chini na mpira ukatua juu yake mara tatu nne mfululizo, muda wa kubadilisha umefika, hata kama ubao bado unaonyesha sifuri.

Siku nne baada ya mechi ile, huko St. Louis, Kershaw alirudishwa kilimani akiwa na mapumziko ya siku tatu badala ya nne za kawaida. Akarusha inningi sita bila mkimbio. Ya saba, hiti mbili, kisha Matt Adams, mpigaji wa mkono wa kushoto, akaupiga mpira wa kupinda nje ya uzio. Dodgers wakafungwa 3-2 na kutolewa. Inningi ya saba tena, wapigaji wale wale, mkono uliorusha mara 110 siku nne zilizopita. Kuiita hiyo hofu ya Oktoba ni uvivu wa kufikiri.

Mwaka 2019, mkataba mpya ukiwa na mwaka mmoja, alitumiwa kwa namna nyingine. Mechi ya tano na ya mwisho dhidi ya Washington Nationals, kocha akiwa Dave Roberts, aliitwa kutoka akiba kumaliza inningi ya saba, akammaliza mpigaji kwa straiki, yaani bila mpira kupigwa kuingia uwanjani. Ilikuwa 3-1. Wengi tulidhani kazi yake imeisha. Akakaa wakati wenzake wanapiga, akarudishwa ya nane, na Anthony Rendon na Juan Soto wakampiga homurani kwa mirusho miwili iliyofuatana. 3-3, na Nationals wakashinda 7-3 kwenye inningi ya kumi. Kwetu ilikuwa asubuhi, watu wakasoma matokeo wakinywa chai, wakaona jina moja tu la kulaumu.

Linganisha na 2020, fainali dhidi ya Tampa Bay Rays. Mechi ya kwanza, inningi sita, mirusho 78, mkimbio mmoja, ushindi. Mechi ya tano, Kershaw amewatoa wawili wa kwanza kwenye inningi ya sita, amerusha mirusho 85, anaongoza 4-2. Roberts akatoka benchi kumchukua. Mashabiki wakazomea, hata wachezaji wenzake hawakufurahi. Warushaji wa akiba wakalinda 4-2 hadi mwisho, na Dodgers wakachukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1988. Mkono ulikuwa uleule, na umri umeongezeka miaka sita tangu 2014. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kuna mtu aliyekuwa anahesabu. Mwandishi wenu amefika hadi 2019 akaweka kalamu chini, wakati ubingwa huo ulikuja katika mwaka wa pili wa mkataba anaouponda.

Wapo watakaotaja Houston 2017, alipopoteza uongozi wa 4-0 na mechi ikaisha 13-12. Uchunguzi wa ligi, uliotangazwa Januari 2020, ulibaini kuwa Houston Astros msimu ule walitumia kamera kusoma ishara za wadakaji wa wapinzani nyumbani kwao na kugonga pipa la taka ili mpigaji ajue mrusho gani unakuja. Mpigaji anayejua slaida inakuja haiwindi, anaiacha ipite. Hata hivyo tusiweke kila kitu kwenye pipa hilo. Mwaka 2013 alipigwa na Cardinals kwenye mechi ya 9-0, na 2018 Boston ilimfunga mara mbili kwenye fainali.

Na 2023 hoja yangu yote ya uchovu haisaidii. Dhidi ya Arizona alimtoa mpigaji mmoja tu kabla mikimbio sita haijaandikwa kwake. Hakuna mara ya tatu hapo, hakuna mirusho 110. Kulikuwa na bega bovu, lililofanyiwa upasuaji mwezi uliofuata. Siku hiyo hakupaswa kuanza, na hapo lawama ni ya kugawana kati yake na benchi.

Mhariri, mechi hizi nyingi huanza saa tisa usiku kwa saa zetu, kwa hiyo wasomaji wa Tabora wanategemea jedwali lenu kuliko wanavyotegemea macho yao. Naomba mbele ya jina la kila mrushaji muongeze vitu vitatu: idadi ya mirusho, siku alizopumzika tangu mechi iliyopita, na wachezaji aliowaacha kwenye besi wakaingia baada ya yeye kutoka. Nafasi ipo, punguzeni picha.

Na kama kuna mwalimu wa michezo atakayetaka kuuanzisha mchezo huu kwenye sekondari zetu, asiige ya 2014. Mwongozo wa ligi ya Marekani kwa vijana wa miaka 15 na 16 unaweka kikomo cha mirusho 95 kwa siku, na aliyepita 75 apumzike siku nne kamili. Kuhesabu kunahitaji daftari na mwanafunzi mmoja wa kuchora vistari, ambaye si mdakaji wala nahodha, na mwenye ruhusa ya kumwambia mwalimu kuwa hesabu imefika.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora