Salamu za Shukrani kwa Wote Waliosimama na Mama Yetu Katika Safari ya Matibabu India

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sisi watoto, ndugu na jamaa wa mama yetu, wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, tunamshukuru Mwenyezi Mungu, Subhanahu wa Taala, aliyeturudishia mzazi wetu akiwa hai, anaona, anatutambua kwa majina na anatembea kwa miguu yake, baada ya kupasuliwa uvimbe wa ubongo katika jiji la Chennai, India, mwezi wa Mfunguo Nne, yaani mwezi wa nne baada ya Ramadhani. Ni wiki tatu sasa tangu arejee, na kwa kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu, na kwa kuwa hatuwezi kufika kila mlango uliotufungukia, tumeona tuandike salamu hizi ziwafikie popote mlipo.

Wengi wenu mnamjua mama kwa kofia zake za kushona kwa mkono. Kabla ya Ramadhani alianza kukosa vitobo. Alikuwa akichoma sindano pembeni ya tundu, akiitoa, akiirudisha pale pale pembeni, kisha akimkemea mjukuu wake kuwa amemwekea kivuli, ilhali mtoto mwenyewe ameketi upande wa pili wa baraza. Ramadhani ilipoingia, kichwa kikawa kinamuuma zaidi wakati wa kuamka daku, na mara nyingine akitapika kabla ya kutia kitu kinywani. Katika kliniki moja alibadilishiwa miwani mara mbili, na kwingine akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Hatuyasemi haya kwa kumlaumu mtu, kwani hata sisi tunaoishi naye nyumba moja tulisema ni saumu, na wengine wetu tulisema ni uzee.

Mwisho wa Mfunguo Mosi, usiku, alianguka jikoni akitetemeka mwili mzima. Asubuhi yake tulimfikisha kwa daktari wa macho katika hospitali ya umma, ambaye tunaomba tumtaje kwa kazi yake tu kwa kuwa mwenyewe ametukataza jina. Daktari huyu alizima taa ya chumba, akamulika ndani ya jicho la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia, akanyamaza. Alipowasha taa hakutuandikia miwani ya tatu. Alituambia kwamba sehemu ya nyuma ya macho yote mawili imevimba, na kwamba uvimbe wa namna ile mara nyingi hautoki kwenye jicho bali kwenye msukumo ulio ndani ya fuvu. Akaandika barua kwa mkono wake, akapiga simu mwenyewe kumtafutia mama nafasi ya kupigwa picha ya MRI siku hiyo hiyo, na jioni, saa zake za kazi zikiwa zimekwisha, akatupigia kuuliza majibu. Dada daktari, kama salamu hizi zitakufikia, jua kwamba mama anakutaja katika dua zake kabla ya kututaja sisi aliotuzaa.

Majibu yalionyesha meninjioma, yaani uvimbe unaoota kwenye utando unaoufunika ubongo. Tulielezwa kwamba aina hiyo mara nyingi si saratani na hukua polepole, hivi kwamba huenda mama alikuwa ameubeba kwa miaka bila kujua, lakini wa kwake ulikuwa umekaa mahali pabaya, ukiibana mishipa ya fahamu ya macho, na kila siku ilikuwa inahesabika. Wako waliotuuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini tukavuka bahari ilhali Kenya ina madaktari wa upasuaji wa ubongo. Wapo, na aliyetushauri ni mmoja wao. Alitueleza bila kificho kwamba kwa uvimbe ulio mahali pale angependa mama apasuliwe na timu inayofanya kazi ya aina hiyo mara kwa mara, na tulipopiga hesabu, gharama ya Chennai pamoja na nauli haikupita ile tuliyotajiwa na hospitali binafsi za hapa nchini. Tulikaa kikao cha ukoo usiku mzima, na alfajiri ami yetu mkubwa akasema tusafiri.

Hesabu ilikuwa shilingi 1,900,000. Tulizokuwa nazo, baada ya kuuza dhahabu ya mama na pikipiki ya kaka, zilikuwa 340,000. Hapo ndipo tulipowatolea nyinyi wito, kwa aibu, tuseme kweli, maana mama amelelewa kutoa na hakuzoea kuombewa. Kwa muda wa wiki mbili simu ya mweka hazina wetu haikunyamaza, na kwa kuwa mkoba wa M-Pesa haubebi zaidi ya shilingi 500,000, siku za Ijumaa alilazimika kwenda benki na kurudi. Walikuwepo waliotuma 50,000 na waliotuma 100, na wapo waliotupa fedha walizoziweka kwa nguo za watoto za Sikukuu ya Idi. Wakati huo huo tulikuwa tukikimbizana na makaratasi: visa ya matibabu, ambayo humruhusu mgonjwa kufuatana na waandamani wasiozidi wawili, na chanjo ya homa ya manjano, ambayo kadi yake haihesabiwi mpaka zipite siku 10 tangu kuchanjwa. Hilo la chanjo tulilijua kwa kuchelewa na likatusogezea safari mbele wiki nzima, wiki ambayo mama alikuwa haoni tena sahani iliyo kushoto kwake.

Siku moja kabla ya siku ya kulipa amana ya hospitali, tulikuwa tumepungukiwa na shilingi 410,000. Baada ya sala ya Isha aliingia jirani yetu ambaye kwa miaka saba tulikuwa hatusemezani naye kwa ajili ya mfereji wa maji ya mvua unaopita kati ya kuta zetu. Hakuketi. Aliweka bahasha juu ya meza, akampa mama pole, akamgeukia kaka yetu mkubwa na kusema, "Hili la mfereji tutalizungumza mama akirudi." Ndani ya bahasha mlikuwa na hundi ya kiasi chote kilichokuwa kimepungua, naye alikijuaje kiasi hicho bila sisi kumwambia, mpaka leo hajatueleza. Mama amerudi, na la mfereji bado hatujalizungumza; kila tukilianza yeye huuliza kama mgonjwa amekula.

Mama alisafiri na kaka yetu wa pili pamoja na halati yetu, dada wa mama, kwa ndege hadi Nairobi, kisha Mumbai, kisha Chennai, akiwa na barua ya daktari na dawa za kupunguza uvimbe na kuzuia kifafa. Siku ya upasuaji aliingizwa chumbani saa mbili asubuhi kwa saa za India, ambayo kwetu ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwani wenzetu wametutangulia kwa saa mbili na nusu. Nyumba ya Kibokoni ilikuwa imejaa tangu Alfajiri, wanaume barazani na wanawake ndani, Yasin ikisomwa na kurudiwa, na hapakuwa na aliyegusa kahawa. Adhuhuri ikapita. Saa tisa kasorobo simu ya ami ikalia mara moja tu kwa ujumbe kutoka kwa kaka: "Ametoka." Ami aliusoma kwa sauti, akaurudia, kisha akashindwa kuusoma mara ya tatu, na mlio uliosikika kutoka upande wa wanawake ndio ulioijulisha mtaa mzima.

Muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, binti wa Kitamil asiyejua neno moja la Kiswahili, alimkimbilia kaka usiku ule akidhani mgonjwa anataka dawa, kwa kuwa alikuwa akirudia maneno yale yale. Kaka alipoinama kumsikiliza, mama alikuwa anauliza kama imeshaadhiniwa. Siku ya pili daktari alimwonyesha vidole, naye akavihesabu vitatu. Vilikuwa vitatu. Majibu ya maabara yalithibitisha kuwa si saratani, alhamdulillahi. Jicho la kushoto halijarudi lote, na huenda lisirudi lote, lakini sindano anaitunga mwenyewe.

Yuko mmoja ambaye hatujui tumshukuru kwa lugha gani. Katika nyumba ya wageni walikofikia, halati alikuta mke na mume kutoka Unguja, mume akitibiwa figo. Dada yule aliwafundisha soko, basi, na njia ya kwenda Msikiti wa Wallajah, Triplicane, ambako kaka aliswali Ijumaa zake zote. Na kwa siku zote mama alipokuwa hawezi vyakula vya hospitali, yeye ndiye aliyempikia uji na mchuzi wa nazi kwenye jiko la pamoja. Mumewe alifariki siku nne kabla ya mama kuruhusiwa kutoka. Asubuhi ya kusafiri na maiti yake, dada yule aligonga mlango wa halati, akamwachia sufuria, mwiko na mchele uliobaki, akamwambia mgonjwa asikose uji. Mwenyezi Mungu amrehemu mumewe, ailaze roho yake mahali pema peponi, na ampe yeye na watoto wake subira. Sufuria tumekuja nayo Mombasa, na halati ameapa kuifikisha Unguja kwa mikono yake.

Tunawashukuru pia, na mtusamehe kwa kuwakusanya pamoja kama abiria wa matatu: maimamu na waumini wa misikiti ya Mji wa Kale waliomwombea mama kila Ijumaa; wanafunzi wa madrasa na walimu wao; wanawake wa chama cha Kibokoni; wafanyabiashara wa Barabara ya Biashara waliolipa kofia ambazo hazijashonwa; vijana wa tuktuk waliokataa nauli; wauguzi wa hapa nyumbani; majirani zetu Wakristo waliomwombea kanisani mwao na kutuletea sadaka ya Jumapili ile; jamaa wa Likoni, Kisauni, Mtwapa, Malindi na Lamu; na ndugu zetu walioko Oman, Dubai na Uingereza.

Hapa ndipo penye hofu yetu kubwa. Fedha zilizopitia kwenye simu zilikuja na majina, lakini zilizotolewa mkononi msikitini, zilizofungwa kwenye pindo la leso na zilizosukumwa chini ya mlango hazina majina, na daftari la siku mbili za mwanzo lilimwagikiwa na chai likafutika kurasa tatu. Tunajua kuna aliyeshukuriwa mara mbili na kuna ambaye hakupokea hata salamu. Tunajua pia kuna mliokuja na vyakula vyenu mkaambiwa mgonjwa amelala, mkarudi, na baadhi yenu ni watu wazima mliotembea kwenye jua. Madaktari ndio waliotuamuru apumzike, ila namna tuliyowaambia huenda haikuwa nzuri, kwani nasi tulikuwa hatujalala. Kwa yote hayo tunawaomba radhi, mkubwa kwa mdogo, na tunawaomba msituwekee kinyongo.

Zilizobaki katika mchango ni shilingi 86,500, ambazo kwa makubaliano ya kikao tumeziweka kwa ajili ya picha ya MRI anayotakiwa kupigwa baada ya miezi sita. Daftari la mapato na matumizi, pamoja na stakabadhi zote, liko kwa mweka hazina, na yeyote aliyechangia anakaribishwa kulitazama. Kisomo cha shukrani kitafanyika nyumbani Kibokoni Jumamosi ya kwanza ya Mfunguo Sita, baada ya sala ya Alasiri, na mama atakaa ndani na wageni wake kwa muda wa saa moja, Inshallah. Tafadhali msilete kitu. Njooni.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi, watoto, ndugu na jamaa,
Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa.