Namba ya GB kwenye boksi la simu haitoshi

Mhariri,

Mnunuzi anayeingia Kariakoo kutafuta simu janja au kishikwambi huulizwa maswali mawili: una shilingi ngapi, na unataka GB ngapi. Swali la tatu haliulizwi, nalo ndilo linaloamua kama chombo kitadumu miaka mitatu au kitaanza kuganda kabla ya mwaka kwisha: hizo GB ni za aina gani?

Simu za bei ya chini na vishikwambi vingi vya watoto hutumia memori ya kuhifadhia ya aina ya eMMC. Toleo la 5.1 lina kikomo cha MB 400 kwa sekunde, na katika matumizi ya kawaida halifiki hapo. UFS 2.2, aina nyingine ya memori iliyoenea kwenye simu za bei ya kati, husoma karibu MB 1,000 kwa sekunde. Tena eMMC ni kama daraja la njia moja: ikiwa inaandika haisomi, wakati UFS hufanya yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana simu ya eMMC hukwama pale WhatsApp inapopakua video huku programu nyingine zikijisasisha, na mwenyewe akadhani tatizo ni mtandao. Simu mbili za GB 128 zinaweza kukaa kabati moja zikiwa na tofauti hiyo, na boksi lisiseme neno.

Memori ikikaribia kujaa, hali huwa mbaya zaidi. Chipu hizi haziandiki moja kwa moja juu ya data ya zamani. Lazima kwanza zifute fungu zima, na kabla ya kufuta zihamishie pengine data inayotakiwa kubaki. Pasipo nafasi tupu, kila picha mpya inaleta kazi hiyo ya kuhamisha na kufuta. Mwenye GB 64 aache walau GB 8 wazi muda wote. Akumbuke pia kwamba mfumo na programu za kiwandani zimeshakula sehemu kubwa kabla hajapiga picha ya kwanza. Wanaolalamika kwamba kompyuta inawaonyesha GB 59.6 badala ya 64 hawajaibiwa: kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1, Windows huhesabu baiti 1,073,741,824.

Udanganyifu wa wazi zaidi uko kwenye RAM, yaani memori ya muda ambayo programu hutumia zikiwa zimefunguliwa. Boksi linaandikwa GB 8 kwa maandishi makubwa, kisha pembeni kwa herufi ndogo sana, 4+4. Nne za pili si RAM. Ni sehemu ya memori ya kuhifadhia iliyoazimwa, ambayo ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM yenyewe. Kwenye simu ya eMMC kuiwasha huongeza kuganda, inakula nafasi ya picha, na kuandika mara kwa mara kunachosha chipu. Ingia kwenye Mipangilio uizime, kisha tazama RAM iliyobaki. Hiyo ndiyo unayoilipia.

Kuhusu bei, wateja wengi huamini kwamba tofauti kati ya GB 64 na GB 128 ni gharama ya chipu. Sivyo. iPad ya kwanza, mwaka 2010, iliuzwa Marekani dola 499 kwa GB 16, dola 599 kwa GB 32 na dola 699 kwa GB 64. GB 16 za nyongeza zilikuwa dola 100, na GB 32 zilizofuata nazo zikawa dola 100 zilezile. Mwaka 2014 iPhone 6 ilitoka na GB 16, 64 na 128, ya GB 32 ikarukwa, ili anayeona 16 hazimtoshi apande hadi 64. Ngazi hizi hupangwa kwa kutazama mfuko wa mteja, na kifaa kisicho na sehemu ya kadi ya memori hakimpi njia nyingine. Ushauri wetu: kama simu ina nafasi ya kadi, hakikisha nafasi hiyo ni ya peke yake. Nyingine huchangia na laini ya pili, na kwa Dar es Salaam, ambako wengi wetu tuna laini mbili, kadi hiyo itakosa pa kukaa. Na kadi ibebe picha na video, si programu.

Jambo jingine linalowagharimu watu bure ni kukataa Samsung iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Vietnam na kuongeza pesa kwa "ya Korea". Samsung huunganisha simu zake nyingi Vietnam, katika viwanda vya Bac Ninh na Thai Nguyen, na nyingine Noida, India. Kiwanda chake cha simu cha Huizhou, China, kilifungwa mwaka 2019. iPhone nazo huunganishwa China na India, na Foxconn, ambayo ni kampuni ya Taiwan, ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Cha kuuliza ni simu ilitengenezwa kwa soko gani. iPhone 14 na zilizofuata za soko la Marekani hazina tundu la laini, ni eSIM tu, yaani laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu. Tazama herufi za mwisho za namba ya modeli kwenye Mipangilio: LL/A ni ya Marekani, CH/A ni ya China. Herufi ya kwanza ikiwa F, simu ilikarabatiwa. Ikiwa N, ilitolewa kufidia iliyoharibika. Anayekuuzia kama mpya akueleze.

Sasa simu na vishikwambi vya kughushi. Hapa namba kwenye Mipangilio haina thamani, kwa sababu mfumo wenyewe umehaririwa uonyeshe GB 512 wakati chipu ni ya GB 16. Programu za kukagua nazo mara nyingi husoma namba hiyohiyo ya uongo. Kipimo cha kweli ni kuandika. Njoo na flashi yenye video za GB 10 na waya wa OTG wa kuiunganisha na simu, nakili folda hiyo mara tatu kwa majina tofauti, kisha fungua video za nakala ya mwisho na za nakala ya kwanza. Chombo cha uongo kitakataa katikati, kitajizima, au kitakubali kila kitu halafu video zigome kufunguka, kwa kuwa data mpya imeandikwa juu ya ya zamani. Muuzaji mwaminifu atakupa dakika hizo. Kagua prosesa pia, yaani chipu inayoendesha simu: ukikuta MT6580, hiyo ni ya biti 32 na mwisho wake ni 3G, hata boksi likiandikwa 5G na RAM GB 12.

Kupiga *#06# na kutuma IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 bado ni lazima. Jibu likitaja modeli tofauti na unayoishika, rudisha. Lakini kipimo hicho hakikuambii lolote kuhusu memori, na IMEI ya simu halali inaweza kunakiliwa kwenye ya kughushi.

Tunaiomba Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) pamoja na Tume ya Ushindani zitake kila boksi linaloingia nchini liandikwe, kwa herufi za ukubwa mmoja, RAM halisi bila ya kuazima, aina ya memori na toleo lake, na nafasi inayobaki wazi simu ikiwashwa mara ya kwanza. Viwanda vina taarifa hizo zote, kilichobaki ni kuzichapa.

Hadi hapo, usiondoke dukani na risiti ya EFD iliyoandikwa "simu 1" tu. Mwombe muuzaji aongeze modeli, GB na tarakimu 15 za IMEI, au aziandike nyuma ya risiti na kugonga muhuri wa duka. Bila hayo, siku ya kudai utashindwa kuthibitisha hata kwamba simu uliyoishika ndiyo uliyouziwa.

Mafundi simu,
Mtaa wa Aggrey, Kariakoo,
Dar es Salaam