Kwa kaka aliyeishia mlangoni

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, na tafadhali jina langu usilichapishe.

Kuna msomaji wenu aliandika hapa kwamba aliweka miadi na mwanamke anayetoa kampani ya kulipwa, akaoga, akapiga pasi shati, akafika mpaka mlangoni, akasimama pale kama dakika 20 hivi halafu akageuka akaondoka zake. Waliomjibu wakamcheka. Mi sikucheka, iliniuma kweli, maana mi ndo yule wa upande wa pili wa mlango, hii kazi nimeifanya miaka 11 na hizo nyayo nazijua, zinakuja, zinasimama, kimya, zinarudi.

Kaka yangu, nikwambie kitu ambacho hakuna aliyekwambia: wateja karibu wote wa mara ya kwanza wanakuja wanatetemeka. Wenye vyeo, wenye miili mikubwa, vijana, wazee, wote. Alikuja mmoja amejikata akinyoa ndevu, kipande cha tishu bado kimeganda kidevuni na damu imekauka, hajui hata kama kipo, nikakitoa taratibu na maji ya uvuguvugu na hapo ndo akashusha pumzi. Mi sikumwona mjinga, nilimwona mtu aliyejiandaa kwa heshima. Na sisi pia tunaogopa jamani, kila mlango ukigongwa mara ya kwanza sijui nani kaja, kwa hiyo mtu akiingia akasema tu "dada mi ni mara yangu ya kwanza na naogopa", yaani moyo wangu unatulia palepale. Hilo neno liseme mapema, hata kwenye meseji kabla hujafika, huhitaji kujifanya mzoefu.

Kinachowatesa wengi najua ni ule wasiwasi wa mwili kugoma. Utagoma, saa zingine, na si ugonjwa. Mtu akiwa na hofu mwili unamwaga adrenalini, mishipa inabana, damu inakimbilia kwenye misuli kama vile unakimbizwa, sasa hapo unategemea nini? Ukitulia inarudi, isiporudi siku hiyo basi, hamna mtihani hapa na hamna anayetoa maksi. Ila usijipe ujasiri kwa pombe, glasi ya pili na ya tatu ndo zinazoharibu kabisa. Na vile vidonge vya nguvu za kiume usimeze tu kwa sababu rafiki kakupa, hasa kama unatumia dawa za moyo za nitreti, hizo mbili zikikutana presha inashuka ghafla na mtu anaweza kufa, muulize daktari kwanza.

Kuna mzee mmoja siwezi kumsahau. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Alikaa ukingoni mwa kitanda na koti lake, nikampa maji, glasi ikawa inagongana na meno yake, nasikia kabisa. Akasema samahani binti, tangu msibani sijashikwa mkono na mtu. Nikamwambia baba hamna shida, nikamshika mkono, na saa nzima ikaisha hivyo hivyo, koti hakuvua, ananisimulia mkewe alivyokuwa akiimba anapofua. Wengi mnadhani lazima kitu fulani kitokee ndo hela iwe halali. Hapana, muda ni wako, kuongea ni sawa, kulala tu umekumbatiwa ni sawa, na kusema nimebadilisha mawazo naondoka ni sawa pia.

Upande wangu nakuomba haya. Hela mkubaliane kabla na uiweke mezani mwanzoni bila kungoja udaiwe, usianze kuomba punguzo mtu ameshavua viatu. Oga. Usiniulize jina langu la nyumbani, usinipige picha. Nikisema hiki sifanyi basi usibembeleze. Kondomu haina mjadala kabisa, na usipake mafuta ya mgando wala losheni ya mafuta juu yake, ile mpira inalegea na kupasuka, tumia kilainishi cha maji. Ikipasuka usikae nyumbani unalia, nenda hospitali ndani ya saa 72 uombe PEP, dawa za kuzuia VVU, unameza siku 28, na ukiwahi zaidi ndo vizuri zaidi.

Sheria ya unapoishi ijue kabla hujapiga simu, maana inatofautiana sana. New Zealand kazi hii ni halali tangu 2003, wakati Uswidi tangu 1999 anayeuza hashtakiwi ila anayenunua ndo anashtakiwa, na Ujerumani tangu 2017 mteja kutovaa kondomu ni kosa la kisheria. Ukikuta ni kosa kwenu, hapo kugeuka mlangoni hujakosea.

Na kuna woga mwingine ambao sitaki uuzime, usikilize. Ukifika ukakuta binti anaonekana mdogo, au hakuangalii usoni, au kuna jamaa anamjibia maswali na ndo anapokea hela, ondoka na utoe taarifa. Huyo hajachagua kuwa pale. Mi nimechagua, milango yangu nafungua mwenyewe, na hiyo tofauti mteja anaweza kuiona kabla ya wote maana yeye ndo anayeingia ndani.

Sasa kaka yangu, ukiamua kurudi kwa yule dada, mtumie meseji umuombe radhi kwanza, umwambie siku ile ulifika ukaishia mlangoni. Ni karibu hakika alikusikia. Alikuwa ameshatandika shuka safi, amekaa anasubiri ugonge.

Msomaji wenu wa siku nyingi